Barua ya wazi kwa wakubwa wa Dodoma: wageni tunao, tuwape Jumamosi

KWA: Mkuu wa Mkoa wa Dodoma, Mstahiki Meya na madiwani wa Jiji, wenyeviti na wakurugenzi wa halmashauri za Chamwino, Bahi, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa, pamoja na maofisa utalii na maofisa kilimo walio chini yenu.

YAH: WAGENI WANAOLALA DODOMA NA KUONDOKA BILA KUIONA

Waheshimiwa, mbukwenyi!

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni dereva teksi, mkazi wa Dodoma, na kazi hii inanikutanisha na watu kuliko mwenye duka. Ijumaa jioni ndiyo saa ninayoijua vizuri. Abiria anaingia garini kitambulisho cha semina bado kinaning'inia shingoni, anashusha kioo, anavuta pumzi, halafu anauliza: "Hivi hapa kwenu kuna nini cha kuona?" Treni yake ni ya Jumapili. Posho imeshaingia. Jumamosi nzima iko wazi na hana pa kuipeleka.

Ninachowaandikia ni hiyo Jumamosi.

Kila tunapozungumzia utalii wa Dodoma, tunaanzia mbali: tutawavutaje Wazungu wanaotua Kilimanjaro kwenda Serengeti? Hao tuwaache kwanza. Wageni tunao tayari, na wamelala humu humu mjini. Serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016, na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, tulipata kitu ambacho miji mingine inakitafuta kwa matangazo: watu wanaokuja kila wiki, wapende wasipende. Bunge la bajeti peke yake linawaweka watu hapa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Kuna mahafali ya vyuo, ambapo mhitimu mmoja anasindikizwa na mama, baba, mjomba na shangazi wawili. Kuna waliofuatilia barua wizarani wakaambiwa warudi Jumatatu. Na tangu katikati ya mwaka 2024 kuna treni ya SGR: mtu anapanda Dar es Salaam, na kabla saa nne hazijaisha yuko Dodoma na shati lake bado limenyooka.

Watu hawa wanalala, wanakula chipsi kuku, wanaondoka. Ukiwauliza wameona nini Dodoma watakutajia jina la ukumbi.

Kuna mama mmoja mtu mzima, mgeni wangu kutoka Bukoba, nilimpeleka kwenye hoteli ambayo sitaitaja. Alikuwa hapendi kula peke yake, akanikaribisha mezani. Akamwambia mhudumu: "Nasikia kwenu kuna mvinyo, niletee wa hapa hapa." Kijana akaleta orodha. Kulikuwa na wa Afrika Kusini, kulikuwa na wa Italia. Wa Dodoma haukuwemo. "Wa hapa hatuweki, mama. Wateja hawauulizi." Yule mama akamtazama. "Mwanangu, mimi si ndiyo nimeuuliza?" Mhudumu simlaumu, orodha hakuiandika yeye. Ila kutoka pale tulipokaa hadi shamba la mizabibu lililo karibu ni mwendo wa robo saa kwa gari, na chupa iliyokuja mezani ilikuwa imevuka bahari au mipaka kadhaa.

Nianze basi na zabibu, kwa kuwa ndizo zinazotutofautisha na wenzetu. Morogoro wana milima, Iringa wana baridi yao na Ruaha, Singida wana kuku. Sisi tuna mizabibu, na hakuna mkoa mwingine Tanzania unaotukaribia kwa hilo. Mapadre wamisionari wa Bihawana, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Iringa, ndio walioipanda miaka ya 1950, na divai ya misa ikatoka humo. Nchi yetu hii ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe ni ya kubahatisha. Mahindi yanatusumbua hadi leo. Mzabibu ulikubali. Ukasambaa Mpunguzi, Matumbulu, Mbabala, Hombolo, Chinangali. Kituo cha utafiti cha Makutupora, ambacho sasa kiko chini ya TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kimewapa wakulima zabibu nyekundu yenye jina la pale pale, na pembeni yake zinapandwa Syrah na Chenin Blanc. Serikali nayo iliwahi kuwa na kiwanda chake, DOWICO. Wazee wanakumbuka kilivyokufa, na jinsi wakulima wengi walivyoyapa mashamba kisogo baada ya hapo.

Mgeni nikimweleza kwamba tunavuna mara mbili kwa mwaka huwa anadhani nampiga kamba. Ulaya mzabibu unalala wakati wa baridi. Huku hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha, kwa mkasi. Akipogoa na kumwagilia, baada ya miezi kama minne anaingia shambani na ndoo. Vuno la kwanza linaangukia Februari na Machi, la pili Agosti na Septemba. Hili la pili ndilo tamu zaidi, kwa sababu mvua imekatika siku nyingi, tunda halijanywa maji mengi na magonjwa ya ukungu hayana nguvu. Sasa chukueni kalenda ya Bunge muiweke kando ya kalenda ya zabibu. Vikao vya mwanzoni mwa mwaka vinakaribiana na vuno la kwanza, na vya Agosti na Septemba vinaliangukia la pili. Mji unajaa wageni wakati ule ule mashamba yanapojaa matunda, na hatujawahi kuvikutanisha.

Njooni Mpunguzi asubuhi moja ya Agosti. Msije saa nne, njooni alfajiri. Upepo wa Dodoma mwezi huo mnaujua, watu wamevaa masweta na vitambaa vichwani. Wanavuna mapema kwa sababu jua likipanda zabibu inapata moto ndani ya kreti na kuanza kuchacha kabla haijafika popote. Mkono mmoja unashika kishada kwa chini, mwingine unakata kikonyo, kishada kinalazwa kwenye ndoo bila kurushwa. Nyuki wameshafika. Mwenye shamba yeye havuni, anatembea huku na huko na simu sikioni, anauliza lori liko wapi. Zabibu ikiiva haisubiri. Asipopata mnunuzi leo, ndege wanakula, tunda linanywea, bei inashuka. Wenye matangi wanakamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu, lakini mchuzi nao unamsubiri mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda ndiye mwenye bei.

Sisemi watalii wataondoa tatizo la soko. Matani ya zabibu hayaishi kwa kuliwa na watu wa semina. Lakini mgeni akinunua kilo mbili pale shambani kwa bei ya rejareja, mkulima anashika fedha taslimu mkononi siku ambayo lori halikuja. Akinunua na chupa mbili za msindikaji mdogo wa kijijini, huyo msindikaji ana sababu ya kununua mchuzi wa jirani yake. Na mgeni akirudi kwao Mwanza au Tanga akiwa anaujua mvinyo wa Dodoma kwa jina la kijiji, atauulizia dukani. Kwa sasa Watanzania wengi wanalijua jina moja tu la mvinyo wetu, Dompo, na wanalijua kwa utani. Mimi sina ugomvi na Dompo, lina wapenzi wake na linawasaidia kulala, ila si kila kitu tulichonacho.

Wageni kadhaa nimeshawapeleka mashambani kwa kujuana na wenye mashamba. Nitawaambia safari hizi zinafia wapi. Zinafia chooni. Watu wanafurahi, wanapiga picha, wanaonja zabibu, wanauliza maswali mazuri, halafu mama mmoja ananivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama kuna choo. Kipo. Ni cha shimo, kimezungushiwa magunia, hakina mlango wala maji. Kuanzia hapo mazungumzo yanakwisha, kila mtu anataka turudi mjini. Mashine, mapipa na historia vyote havifui dafu mbele ya choo.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza halina mbwembwe. Chagueni mashamba machache ya wakulima wadogo, hata matano yanatosha kuanzia, yaliyo karibu na lami. Wasaidieni wenyewe wajenge choo cha maji, kivuli cha makuti au bati, meza, ndoo ya kunawia yenye koki, na ubao wa bei ili mgeni asihisi anapigwa. Barabarani wekeni kibao chenye mshale na umbali. Nadhani fedha yote haitafikia ile ya maturubai, fulana na maji ya chupa ya uzinduzi mmoja. Sanamu la zabibu kwenye kipilefti siombi.

Ombi la pili linawahusu madiwani. Leseni za vileo zinapita mikononi mwenu. Tafuteni njia ndani ya sheria ya kumruhusu mkulima anayesindika zabibu zake, na ambaye chupa yake ina alama ya TBS, aonjeshe glasi ndogo mchana shambani kwake bila kubebeshwa mzigo wa mwenye baa ya mjini. Serikali Kuu imeshaonyesha njia kwenye kodi: mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani kwa zaidi ya asilimia 75 unatozwa ushuru wa bidhaa mdogo kuliko ule wa nje. Hazina wamefungua mlango. Hoteli zetu ndizo bado zimeubana. Mnapotoa na kuhuisha vibali vya hoteli na kumbi, waambieni wenyewe, hata kwa maneno ya kirafiki, kwamba mgeni wa Dodoma akitaka mvinyo wa Dodoma aukute.

Na msidhani wenzetu walianza na mabilioni. Mwaka 1971, kule Stellenbosch, Afrika Kusini, wakulima majirani walikubaliana kufungua mashamba yao kwa wapita njia na kuweka vibao barabarani. Ikawa njia ya mvinyo ya kwanza katika nchi hiyo. Leo chupa za huko ndizo ziko kwenye orodha ya hoteli aliyofikia mama yangu wa Bukoba.

Sasa tuje kwenye chakula, na hapa mnisamehe nitakaa kidogo, maana njaa ya mgeni naiona kwa macho.

Hoteli zetu zinaona aibu kupika cha kwetu. Asubuhi utakuta mkate wa kuchoma, soseji na maharage ya kopo katika mkoa wa uwele na mtama. Mchana bufee ni ile ile ya Arusha na ya Mbeya. Mgeni anaweza kukaa wiki nzima hapa na mlenda asiuone. Mlenda, waheshimiwa! Mnaujua, wengi wenu mmekuzwa nao. Mvua zikinyesha akina mama wanauchuma porini na mashambani, wanauanika, ukikauka wanautwanga unakuwa unga, unawekwa mpaka kiangazi. Ni akiba ya watu waliojifunza kuishi na ukame. Siku ya kupika maji yanachemka na magadi kidogo, unga unanyunyiziwa huku mwiko unazunguka, zinaingia karanga zilizosagwa na nyanya, kisha moto unapunguzwa. Unaletwa pamoja na ugali wa uwele, ule wa rangi ya kijivu unaong'aa kidogo, mzito, wenye harufu ya nafaka kweli kweli. Unamega tonge, unachovya, unazungusha mkono kuukata ule uzi wa mlenda, unakula. Wageni wa mara ya kwanza wanacheka sana kwenye kule kuzungusha mkono, na wengi wanaomba waongezwe.

Mahali pa kuupata ni kwa mama lishe, na inabidi umjue yupi anapika siku gani. Mimi nina wangu, mgeni akinikubalia nampeleka. Lakini mji wenye hadhi ya jiji usiutegemee ujuzi wa dereva teksi. Mama lishe hawa wapewe nafasi ya heshima palipo na wageni: karibu na stesheni ya SGR, karibu na kumbi, karibu na chuo kikuu. Wapewe maji ya bomba, paa na mkataba unaosomeka, siyo kukimbizwa na mgambo leo, kesho kuitwa kwenye maonyesho wapike "vyakula vya asili" kwa ajili ya mgeni rasmi.

Kuna nyama pia. Jumamosi ni siku ya mnada wa Msalato, na bahati nzuri Msalato iko kwenye barabara hiyo hiyo ya kwenda Makutupora na Arusha. Upande mmoja wanauza ng'ombe na mbuzi, upande mwingine moshi. Unachagua mwenyewe: mbavu au mguu, inapimwa, inatiwa chumvi, inawekwa kwenye makaa, unakaa kwenye benchi unasubiri bila haraka. Inakuja imekatwakatwa juu ya ubao, chumvi pembeni, pilipili, ndimu, ndizi ya kuchoma. Mbuzi wa Ugogo anakula majani ya miiba na kutembea umbali mrefu, nyama yake haina mafuta mengi na ina ladha. Siku ambayo siendeshi gari, mimi huila na mvinyo mwekundu wa Makutupora, ule mkavu usio na sukari, na sijaona cha kuvishinda vikiwa pamoja. Watu wa Chako ni Chako, pale mjini penye kuku wa kuchoma, wataniambia niseme na kuku wao. Haya, kuku wao nao waliwe, Ijumaa usiku.

Ubuyu, asali, zabibu kavu na mafuta ya alizeti havinihitaji mimi kuvitetea. Vifungwe vizuri, viandikwe vijiji vilikotoka, viuzwe stesheni.

Karanga za kwenye mlenda zinanipeleka Kongwa. Wageni wengi hawajui kwamba pale, mwaka 1947, Waingereza walikuja na matrekta, pamoja na vifaru vya vita vilivyogeuzwa, ili waufanye mkoa huu kuwa shamba la karanga la kuilisha Uingereza mafuta ya kupikia. Udongo ukawa mgumu kama saruji kiangazi kilipoingia, mibuyu ikavunja vyuma, mvua ikakata. Mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Bibi zetu, kwa jembe la mkono, wanavuna karanga za kutosha mlenda hadi leo. Na hadithi ya Kongwa haikuishia hapo. Kuanzia miaka ya 1960 pale pale palikuwa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, MPLA wa Angola. Makaburi ya waliofia huku yapo. Mabalozi wa nchi hizo wako Tanzania, na raia wao wanakuja kwenye mikutano hapa mjini. Nilimbeba Mnamibia mmoja ambaye hakujua kabisa kwamba watu wa nchi yake waliishi umbali wa saa moja na ushei kutoka kwenye kitanda chake cha hoteli. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama tunaweza kwenda usiku ule ule.

Mpwapwa iko upande huo huo: njia ya zamani ya misafara ya pembe na watumwa, wamisionari tangu miaka ya 1870, boma la Wajerumani, na kituo cha mifugo kilichotupa ng'ombe wa Mpwapwa. Mwenye siku mbili aziunganishe Kongwa na Mpwapwa.

Ila nikiambiwa nichague sehemu moja tu nje ya mji, nachagua Kolo.

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kutoka Dodoma hadi kijiji cha Kolo ni kama kilomita 180, lami. Ukitoka asubuhi na mapema unafika bado jua halijachoma. Unaripoti kwenye ofisi ya mambo ya kale, unalipa, unapewa mwongozaji. Halafu kwa michoro mizuri zaidi, ile ya Mungomi, unaacha lami na kupanda mlima kwa njia ya mawe ambayo gari langu dogo haliiwezi. Tunakodi la mwenyeji au tunatembea sehemu ya mwisho. Unafika kwenye mwamba ulioegemea kama paa, na ukutani watu wembamba warefu wa rangi nyekundu, nywele zao zimetuna, wengine kama wanacheza, wengine wamebeba vitu. Pembeni tandala, twiga, tembo. Mtafiti wa mambo ya kale, Mary Leakey, alikaa huko mwaka 1951 akiinakili mmoja mmoja. Wataalamu wanaihusisha ile nyekundu na mababu wa Wasandawe, ambao mpaka leo ni wananchi wenzetu wa Chemba na Kondoa, na ile nyeupe ya baadaye na watu wa jamii za Kibantu. Wenyeji bado wana matambiko yao mlimani, kwa hiyo mgeni aambiwe mapema wapi asikanyage na lini asipande.

Kwa urithi wa dunia ulio kwenye barabara kuu ya lami, magari ninayoyaona pale ni machache mno. Naomba mambo matatu ya kawaida: mwongozaji awepo Jumamosi na Jumapili bila kutafutwa kwa simu; malipo yafanyike kwa simu papo hapo; na ile njia ya Mungomi ichongwe kila baada ya mvua. Warangi wa Kolo na Pahi wapewe fursa ya kuwapikia wageni. Kwa sasa mgeni anashuka mlimani na njaa, na tunakula Kondoa mjini saa tisa.

Hapa niseme neno kwa ajili ya wale watakaoisoma barua hii na kusema dereva huyu anataka kuugeuza mkoa kuwa kilabu. Sivyo. Wageni wengi hawanywi, na Kondoa ni nchi ya Waislamu wengi. Shamba la mizabibu lina mengi bila kilevi: zabibu mbichi, juisi, kivuli, darasa la kupogoa ambalo watoto wanalipenda kupita kiasi. Njia ya mvinyo iishie Makutupora na Hombolo, njia ya Kondoa iwe ya michoro, na kila mmoja aheshimiwe kwake. Na anayeonja asiendeshe. Hapo nakiri nina maslahi: sisi wa kijiweni tupo, hatunywi kazini, tunajua barabara. Tupeni mafunzo ya siku chache ya kuongoza wageni na kitambulisho kinachotambulika, na bei za safari hizi zibandikwe stesheni ili pasiwe na ujanja, kwetu wala kwa abiria.

Ndani ya mji sina maneno mengi. Bustani ya Nyerere, Msikiti wa Gaddafi, Kanisa Kuu la Anglikana na stesheni ya zamani ya reli ya kati vyote vinatembelewa kwa miguu asubuhi moja. Mlima Simba upandwe jioni. Makumbusho ya madini ya GST, taasisi ya serikali ya jiolojia, ni hazina, naomba mlango wake uwe wazi mwishoni mwa wiki, maana siku za kazi mgeni wangu yuko ukumbini anasikiliza mada. Ngoma ya muheme, ile ya akina mama wenye ngoma mapajani, wageni wanaijua kwenye viwanja vya ndege na mapokezi ya viongozi, inapigwa dakika tano kisha inanyamazishwa ili hotuba ianze. Chamwino wana tamasha zima la muziki wa Cigogo. Tarehe zake zibandikwe kwenye kila hoteli mapema, watu wapange safari zao za kikazi kuelekea huko.

Nani afanye haya yote? Hapo ndipo naona ugumu wenyewe. Zabibu ziko kilimo, michoro iko mambo ya kale, mama lishe yuko Jiji, treni iko reli, barabara ya Mungomi sijui iko kwa nani. Kila mlango nilioujaribu umenielekeza mlango mwingine, kwa adabu kabisa. Mkuu wa Mkoa ndiye pekee anayeweza kuwaweka wote kwenye meza moja na kumteua mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu, ambaye kazi yake ni Jumamosi ya mgeni. Asianze na mkakati wa miaka mitano. Aanze na vuno la Agosti: treni ya Ijumaa jioni kutoka Dar es Salaam, Jumamosi shamba, Msalato na Makutupora au Kolo, Jumapili mji na mlenda, treni ya jioni kurudi. Bei moja, tiketi moja. Wakija watu ishirini wiki ya kwanza, inatosha kujua choo kipi kimeziba.

Kabla ya hapo, najitolea. Waheshimiwa, chagueni Jumamosi yoyote, mmoja wenu au wawili, niwazungushe kama ninavyowazungusha wageni wangu. Bila msafara, bila king'ora, bila kuwapigia simu wenye shamba watufagilie. Mafuta nitaweka mimi. Nyama ya Msalato mtalipa nyie.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Dereva teksi, Dodoma.

Nakala: Wenye hoteli na kumbi za mikutano, Dodoma — kwa taarifa na utekelezaji.